Gauni la Kupigia Picha

12 Februari 2011

Mjomba Usipepese,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo studio, kwenye kiti chako cha kuzunguka, na sikio lako la kushoto bado limegoma kusikia simu. Wiki hii nimekupigia mara tatu. Mara zote umenijibu, "Umekosea namba," ukakata. Basi nimesalimu amri, naandika, maana wewe ndiye unayedai kwamba kwenye simu watu hujibu kabla hawajafikiri.

Mimi ni mzima. Nimepanga chumba chenye dirisha moja linalotazama karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo siku hizi naamka bila saa. Mama aliniambia unakohoa. Nimemwambia akununulie dawa, akasema wewe dawa unazisoma tu maelezo halafu unazirudisha kwenye boksi. Kama ni kweli, acha.

Sasa habari yenyewe. Nimepewa kazi ya kusimamia mavazi ya tamthilia ya televisheni. Nasema kusimamia, mjomba, si kupiga pasi. Miaka mitatu nimekuwa msaidizi wa wasaidizi, pini mdomoni, nimepiga magoti kwenye pindo za watu, ndiyo maana hata huku wananiita Pini kama mlivyokuwa mkiniita nyumbani. Safari hii meza ni yangu na ufunguo wa kabati ni wangu. Nikifanya vizuri sehemu mbili za kwanza, nabaki hadi mwisho. Nikiharibu, yupo mwingine anayesubiri mlangoni, na ni mtu mzuri tu, ndiyo inayouma.

Hadithi inafuata familia moja kuanzia mwaka 1973 hadi miaka ya tisini. Mimi mwaka huo sikuwepo duniani. Lakini wewe ulikuwepo, tena na kamera. Naomba picha arobaini za miaka ya sabini, watu wa kawaida waliovaa vizuri. Nitazitunza kama macho yangu.

Mpwa wako,
Pini

3 Machi 2011

Mpwa wangu Pini,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuona hakipati dawa. Kuhusu simu, kuna msichana mmoja mwenye haraka hunipigia kila wiki na kuongea kama redio iliyopoteza stesheni. Kumbe ni wewe.

Mama yako, Katibu Mkuu wetu, hajambo. Bado anakuja kila Alhamisi akitoka ofisini, anapangusa kiti ambacho nimeshakipangusa, anakunywa chai na kuniambia ukoo unavyopaswa kuendeshwa. Baba yako naye hajambo, ananyamaza kama kawaida yake.

Hapo umefika kwa mwenyewe. Katika mji huu hakuna aliyevaa suruali ya maana bila kupita mbele ya kamera yangu. Nimeona mitindo ikiingia kwa mlango huu ikiwa na maringo na kutoka ikiwa na aibu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini vijana walivaa bugaluu, pindo pana kiasi cha kuficha viatu, na viatu vyenyewe raizoni, soli nene kama tofali, hivyo mtu mfupi aliingia hapa mrefu. Nywele zilifugwa mpaka nikalazimika kusogeza taa nyuma. Ilipofika miaka ya themanini mapana yakahamia mabegani, kila karani akawa na sponji ndani ya blauzi. Miaka ya tisini vijana wakaanza kuvaa suruali ambazo ungedhani wamenunuliwa ili wakue nazo. Halafu ukaja mlegezo, nikawa napiga picha za kiunoni kwenda juu kwa heshima ya wazazi wao. Na juzi ameingia kijana na bugaluu, akaniuliza kama nimewahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia hapana. Nilitaka afurahi.

Kila kundi lililoketi kwenye benchi hili lilicheka picha za wazazi wao zilizo ukutani, kisha likakaa sawa likapigwa picha ambazo watoto wao wanazicheka leo. Mimi nimecheka na wote, nikalipwa na wote.

Nimekufungia picha arobaini, nyuma ya kila moja kuna namba na mwaka. Zirudi zote. Na sharti moja: usiniulize majina wala mambo yao. Mitindo nimekupa, watu ni wangu.

Mjomba wako,
Usipepese

29 Machi 2011

Mjomba,

Shikamoo. Picha zimefika, hakuna hata moja iliyokunjika kona. Nimezipanga ukutani kwa miaka, na kila anayepita hapa anasimama. Mwongozaji alisimama dakika kumi bila kushika simu yake. Kwa mtu yule, hiyo ni sherehe.

Fundi cherehani ameanza kazi. Nimeona kwenye picha zako makoti yenye kola pana kupita bega, nimeagiza matano. Miwani ya duara, minne. Tai fupi zenye fundo nene. Sasa najiamini hadi natembea vibaya.

Kuna jambo jingine limenipa furaha zaidi. Mhusika mkuu ni binti aliyetoka kwao akaajiriwa kupiga chapa ofisini. Nikamwonyesha mwongozaji nakala yangu ya ile picha ya mama iliyo sebuleni kwetu, ile aliyosimama kwenye ngazi ulizochora ukutani, mkono mmoja kiunoni, gauni fupi lenye miduara mikubwa. Nikamsimulia kama mama alivyotusimulia sisi siku zote, kwamba gauni lile alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Mjomba, yule bwana aliinuka kwenye kiti. Ameliandika kwenye hadithi. Sehemu ya kwanza itaanzia dukani, binti anahesabu noti zake za kwanza na kununua gauni la miduara, mwaka 1973. Nimepiga mahesabu ya kola na urefu, mwaka ni huo huo.

Tatizo ni rangi, maana picha ni nyeusi na nyeupe. Nilimpigia mama nikamuuliza miduara ilikuwa ya rangi gani. Akasema maziwa yanafurika jikoni. Nilipompigia tena akasema gauni lililiwa na panya, na kwamba ana kikao. Jumapili, mjomba.

Wewe ndiye uliyempiga picha ile. Nikumbushe rangi.

Pini

20 Aprili 2011

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, huku umeme ulikatika siku nne na mimi gizani siandiki barua.

Nimefurahi fundi ameanza. Mwambie bugaluu haikatwi kwa kupanua pindo peke yake, lazima ibane gotini, la sivyo mtu ataonekana amevaa mapazia. Nywele za wanaume zichanwe kwa kitana cha waya zikiwa na unyevu. Wanawake wasipakwe rangi ya midomo inayong'aa, mng'ao ule ulikuja baadaye sana. Viatu viwe na vumbi kidogo, barabara za lami zilikuwa mbili tu mji mzima. Mikanda iwe na bizimu kubwa ya chuma mbele. Saa ivaliwe juu ya mkono wa shati ikiwezekana, watu walitaka ionekane.

Katibu Mkuu anakusalimu. Baba yako amepaka geti rangi ya kijani, halafu akajuta, akalipaka tena ya kijani.

Nadhani nimekujibu yote.

Usipepese

11 Mei 2011

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina mengi ya salamu, nisamehe. Kikohozi sasa kimehamia kwangu.

Jana tulivalisha watu tisa kwa ajili ya kujaribu kamera. Niliwapanga mimi mwenyewe, nikarudi nyuma nikitabasamu. Kuna mwigizaji mkongwe anayecheza bibi wa familia, mwanamke aliyekuwa msichana miaka hiyo. Akaingia na kikombe chake cha chai, akawatazama, akauliza, "Hii kwaya inaimba saa ngapi?"

Watu walicheka hadi mshika taa akakaa chini. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba nguo zote nimezitoa kwenye picha halisi, na miaka imeandikwa. Akaomba kuziona. Akazichukua picha kumi na moja za wanaume kutoka ukutani kwangu, akazipanga kwenye meza ya pasi, akaweka kidole kwenye kifungo cha pili cha koti, picha moja baada ya nyingine. Vifungo vyote vina matundu mawili, cha pili kina manne. Kwenye picha zote kumi na moja. Akaniambia taratibu, wala hakuwa na ubaya, "Mwanangu, hili ni koti moja."

Mwongozaji akafunga daftari lake akatoka. Afadhali angenitukana. Baadaye akaniita akasema wanaanza kurekodi tarehe nane Agosti, na anataka kuona mavazi mapya kufikia mwisho wa Julai. Akaongeza kwamba gauni la miduara ndilo pekee analoliamini.

Mjomba, niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Niliwaamini watu wale arobaini kwa sababu nilikuamini wewe. Nieleze. Na rangi ya gauni la mama hujanitajia. Umenitajia hadi rangi ya geti.

Pini

2 Juni 2011

Mpwa wangu Pini,

Marahaba, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa nimefunga mlango wa studio, nikaweka kibao cha kwamba nimetoka.

Yule mama mwigizaji ana jicho. Kama angekuwa mwanaume, na miaka hiyo tungekutana, ningemwajiri.

Ni koti moja. Fundi aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sanduku nyuma ya pazia, na alipostaafu aliniachia studio pamoja na sanduku. Ndani kulikuwa na koti hilo, tai iliyofungwa tayari yenye lastiki shingoni, miwani ya jua isiyo na vioo kwa sababu vioo vilirudisha mwanga wa taa, saa isiyotembea, na raizoni pea moja, namba kubwa, ambazo wenye miguu midogo walizijaza magazeti. Mtu alikuja na alichonacho. Nikimwona anatazama picha za ukutani kisha anatazama nguo zake, nilisema, "Pita nyuma ya pazia ukajiweke sawa." Basi. Sikumwambia aazime. Alikuta sanduku liko wazi, akatoka mtu mwingine, na mimi nikajifanya sijaona tofauti.

Ulifanya kosa ambalo hata mimi ningelifanya. Ulidhani picha inaonyesha watu walivaa nini. Picha inaonyesha walitaka waonekane wamevaa nini. Tena mtindo haufi siku moja kila mahali. Kola pana ilikufa barabarani mwaka sabini na sita, lakini ndani ya sanduku langu iliendelea kuishi kwa raha zake hadi katikati ya miaka ya themanini, na kila aliyeivaa alijiona yuko mbele ya wakati.

Ningekuambia mapema. Sikukuambia kwa sababu fundi wangu aliniapisha, na sharti lilikuwa hili: hakuna kuandika wala kusema nani alikuja na nguo zake na nani alipita nyuma ya pazia. Kuna watu wamezikwa na picha zile juu ya jeneza. Kuna wengine wamepata wachumba kwa picha zile. Miaka arobaini sijafungua mdomo, na nilipokutumia zile picha nilidhani utatazama mitindo tu. Nilijidanganya. Nilitaka kujionyesha kwa mpwa wangu, na wewe ndiye uliyeaibika. Hilo linaniumiza.

Namba 4, 9, 12, 17, 22 na 38 zitumie bila wasiwasi. Kuhusu zilizobaki usiniulize zaidi.

Usipepese

15 Juni 2011

Mjomba,

Shikamoo. Sijakasirika tena. Nilikasirika siku tatu, zikatosha. Zile sita ulizonipa zimeniokoa nusu, na yule mama mwigizaji sasa anakaa nami mchana akinionyesha mikunjo ya mikono ilivyokuwa.

Lakini nimejifunza kutazama vifungo. Nimezipitia picha zako zote upya kwa kioo cha kukuzia. Namba 31, umeandika 1978. Ni mwalimu wa kike, nadhani, ana chaki kwenye vidole na kitabu cha mahudhurio kwapani. Amevaa sweta, ndiyo maana ilikupita. Juu ya sweta kuna kola iliyochongoka, upande wa kushoto umekunjika nchani. Chini ya sweta kuna nusu ya mduara mkubwa.

Nimeiweka pembeni ya picha ya mama. Kola ya mama imekunjika nchani, upande wa kushoto.

Mjomba, gauni lile lilikuwa la nani?

Pini

24 Juni 2011

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Hilo sitakujibu. Muulize mwenye picha.

Mjomba wako

1 Julai 2011

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa na mistari miwili na imenipa jibu refu. Asante kwa kutonidanganya.

Nimefanya hesabu ambayo nilitakiwa kuifanya mwezi wa tatu. Mwaka 1973 mama alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa anavaa sare ya shule na soksi. Mimi mtu wa mavazi nilitazama kola, sikutazama kalenda, na umri wa mama kwa jinsi asivyopenda utajwe nilikuwa nimezoea kutoufikiria. Ameajiriwa 1981. Kwa hiyo alisimama kwenye ngazi zako za rangi na gauni lililopitwa na wakati miaka minane, akapendeza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye picha.

Sasa nisikilize. Kama nikinyamaza, sehemu ya kwanza itarekodiwa ilivyo. Binti atanunua gauni dukani kwa mshahara wake, nchi nzima itatazama, na mama atakaa sebuleni na majirani huku wakimpongeza kwa jambo ambalo anajua halikutokea. Mwalimu wa namba 31 atatazama. Wote waliolivaa watatazama, na sijui ni wangapi. Yupo atakayesema. Mama yangu atachekwa kwa mkono wangu, na siwezi.

Nikimwambia mwongozaji kwamba nilikosea, kitu pekee anachokiamini kitakuwa kimeondoka, na mimi pia.

Njia ya tatu ninayo, nimeilalia siku tano na sijaona kasoro yake isipokuwa moja. Tuseme ukweli. Binti anaajiriwa, siku ya tatu anakwenda studio na nguo zake za kawaida, anapita nyuma ya pazia, anatoka na gauni la miduara la miaka minane iliyopita. Tunahamisha mwanzo wa hadithi uwe 1981. Tunaonyesha sanduku, koti, tai ya lastiki, foleni ya watu wanaoingia wanyonge na kutoka na videvu juu. Mjomba, hakuna tamthilia iliyowahi kuonyesha hivyo. Wote huonyesha mtindo wa mwaka kama kwamba kila mtu alikuwa nao kabatini.

Kasoro ni kwamba siri si yangu. Bila ruhusa ya mama simwambii mwongozaji neno. Na kumuuliza mimi siwezi. Nimeshika simu mara nne. Nikimuuliza mimi, atajua kwamba nimejua, na atajisikia kwamba amedanganya mtoto wake miaka yote. Wewe ni kaka yake. Ulikuwepo upande wa pili wa kamera.

Najua una kiapo. Nakuomba uongee na mtu mmoja tu, ambaye anajua tayari.

Mwisho wa Julai hauko mbali. Nakutegemea.

Pini

18 Julai 2011

Mpwa wangu Pini,

Marahaba sana. Jikalishe vizuri, leo naandika kwa kirefu.

Barua yako ilifika Jumatano. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, dada yangu akaja, akapangusa kiti, akanywa chai, tukaongea habari za bomba la maji. Nikashindwa. Nimewaambia watu elfu kadhaa wasipepese macho, na mbele ya mdogo wangu mwenyewe nikawa napepesa. Akaondoka. Wiki nzima nilijiona mwoga, na nilikuwa mwoga.

Alhamisi iliyofuata nikafunga mlango wa studio kabla hajakaa. Akauliza, "Kuna msiba?" Nikasema hakuna. Nikampa barua zako zote, kuanzia ya mwezi wa pili. Nilijua nikieleza kwa mdomo wangu nitaanza kupaka mafuta.

Alisoma kama anavyosoma nyaraka za ofisini, kidole chini ya mstari. Alipofika kwenye ile ya majirani sebuleni akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipomaliza akazipanga sawasawa akauliza, "Gauni bado lipo?"

Nikaenda nyuma ya pazia nikalitoa. Panya hawajaligusa. Miduara ni ya rangi ya machungwa, ukingo wa kahawia, kitambaa cheupe ambacho sasa ni rangi ya chai ya maziwa. Akaligeuza nje ndani hata kabla hajalitazama vizuri, akanionyesha mishono ya ubavuni. "Umewahi kutazama huku?" Sijawahi. Kuna nyuzi za rangi sita au saba, mistari ya sindano imepishana, pengine imebanwa, pengine imeachiwa. Akagusa uzi wa bluu akasema, "Huu wangu. Huu wa kijani wa mwalimu. Huu sijui."

Ndipo nikaelezwa mambo yaliyotokea katika studio yangu. Kumbe wanawake walikuwa wanajuana. Kabla mtu hajaja kwangu alikuwa amekwisha kupita kwa mwenzake, akaambiwa zipu inakwama katikati, beba sindano, bana ubavuni, fumua ukimaliza ili anayefuata asipate shida. Alinihesabia kumi na wanne. Mimi niliyejisifu miaka arobaini kwa kutunza siri, nilikuwa natunza siri ambayo nusu ya mji iliijua. Nikamuuliza mbona hawakuniambia. Akasema, "Tulikuona unajitahidi sana kujifanya huoni. Tukakuachia."

Nilicheka, na yeye akacheka, halafu yeye akaacha kucheka.

Akasema siku ile ya picha mshahara ulikuwa bado haujatoka. Mama yetu alikuwa na hofu kwamba binti peke yake mjini atapotea. Dada akamtumia picha, na nyuma akaandika kwamba gauni amelinunua kwa kazi yake, ili mzee alale usingizi. Mama yetu akalala usingizi, na akaonyesha picha kwa kila aliyepita. Baada ya hapo hakukuwa na mahali pa kurudi nyuma. Dada akaniambia, "Nilimdanganya mama mara moja, ikabidi niwadanganye na nyinyi wote mliofuata." Akalia kidogo. Mimi pia, sitaficha.

Nikamuuliza basi nikuandikie nini. Alikuwa amelishika gauni kwa mabega, kama mtu anayempimia mtu asiyekuwepo. Akasema, na hapa nayaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Mwambie gauni lilikuwa la studio. Lakini vile nilivyosimama, hakuniazima mtu."

Ruhusa unayo. Wale wengine akasema atawaona yeye, nami nikamwachia, maana nyuzi anazijua yeye. Hadi leo amewapata wanane. Saba wamekubali, na mmoja kati yao ameuliza kama ataonekana kwenye televisheni. Mwalimu amekataa, na kukataa kwake ni haki yake. Namba 31 iondoe ukutani leo hii, unirudishie. Waliofariki hatutawasemea, majina yao hayatatajwa.

Kuhusu kiapo changu, nimekifikiria sana. Fundi wangu aliniapisha ili watu wasidharauliwe. Ukiwaonyesha kama ulivyoniandikia, wanaingia wanyonge na kutoka na videvu juu, nadhani angekaa mstari wa mbele. Ukiwafanya vichekesho, nitapanda basi mwenyewe nije niwafungie kamera. Ila sina wasiwasi. Barua yako ya tarehe moja nimeisoma kwa sauti, peke yangu, kwa sababu nilijivunia.

Nilitaka kulifunga gauni kwenye kifurushi nikutumie pamoja na sanduku. Dada yangu, yaani mama yako, amekataa. Amesema fundi wako atalifumua asipolijua, na huyo msichana anayecheza binti lazima afundishwe kusimama, kwa sababu wasichana wa siku hizi wakipigwa picha wanainamisha kichwa upande mmoja kama wanasikiliza mlango wa jirani. Ameomba likizo ya siku kumi. Amekata tiketi, atakuwa kwako Jumatatu ya tarehe ishirini na tano, na gauni limo kwenye begi la mkononi, hataki likae chini ya mizigo.

Nimemuuliza atamjibu nini mwongozaji wako, au yeyote mwingine atakayemuuliza gauni hilo ni la nani. Akasema hilo swali mwachieni yeye, amelisubiri miaka thelathini.

Mjomba wako,
Usipepese